Supu Iliyomngoja Arbab

Mfanyakazi wa Dubai akipewa likizo hurudi kwao. Hilo halihitaji kufundishwa. Mtu ameshinda miaka miwili akikata vitunguu vya watu wengine, amepewa siku zake thelathini na tiketi, hujaza sanduku sabuni, mablanketi na chokoleti, akaenda kumwona mama yake. Metrine wa Malava, magharibi mwa Kenya, hakufanya hivyo. Alikwenda Vietnam. Tangu siku aliyotangaza safari hiyo hadi leo, sijaona mtu aliyemwelewa, na mimi simlaumu yeyote, maana kuna siku hata yeye mwenyewe hajielewi.

Chanzo kilikuwa kadi. Huku kila mfanyakazi ana kadi ya kazi, na ya Metrine ilisema kwamba yeye ni msafishaji. Ndivyo alivyokuja mwaka wa 2019, kusafisha ofisi. Korona ikaja, ofisi zikafungwa, naye akaangukia mkahawa mmoja wa chakula cha Kivietnam kule Jumeirah Village Circle, chini ya jengo la makazi, kati ya kinyozi na duka la dawa. Aliajiriwa kupiga deki. Mwaka haukuisha akawa anakata vitunguu. Wa pili ulipoisha alikuwa anaosha mifupa, anachambua majani, anakunja kamba na mboga ndani ya karatasi za mchele kwa kasi kuliko mtu yeyote mle jikoni. Kwa kifupi, alifanya kazi ya mpishi kwa kadi ya ufagio. Kila alipojaribu kuomba kazi ya upishi kwingine waliomba kadi kwanza, na walipoiona wakamwonyesha ndoo.

Mpishi mkuu alikuwa Hien, mwanamke wa Nam Dinh, mji ulio mwendo wa saa mbili hivi kwa basi kutoka Hanoi. Hien ndiye aliyepika pho, ile supu ya mifupa ya ng'ombe yenye tambi za mchele na nyama iliyokatwa nyembamba, na ndiyo iliyoufanya mkahawa ujae. Akaolewa Australia, akaacha kazi. Mwenye mkahawa, Bwana Thamer, mtu mpole kwa kipimo cha arbab, kama huku wanavyoitwa waajiri, alimwita Metrine kando ya friji kubwa.

"Mwezi wa kumi na moja nitakuja kuonja," alimwambia. "Ukinipikia pho kama ya Hien, sufuria ni yako na kadi nitaibadilisha. Utaandikwa mpishi. Ukishindwa, khalas, nitatafuta njia nyingine."

Metrine aliitikia, "Ndiyo sir," halafu akaenda kujifungia chooni, kwa sababu hakuwa anajua kupika ile supu. Alijua kuipakua. Hien alikuwa akiianza kabla wenzake hawajafika kazini, na wao waliikuta tayari inachemka. Alipompigia kumwuliza, Hien alicheka. "Hata mimi namwiga mama yangu tu. Ukitaka supu, nenda kwa mama." Mtu mwingine angejua kwamba ule ni mzaha. Metrine aliomba anwani.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama yake, Mayi, kama anavyomwita tangu utoto. Mayi alikuwa ameshapaka nyumba rangi na kumtenga jogoo wa kumchinjia mgeni.

"Vietnam uko na nani?" Mayi aliuliza kwenye simu.

"Kuna supu naenda kujifunza, Mayi."

"Na hapa kwetu hakuna supu?"

Metrine alieleza habari za kadi, akaeleza tena, akaapa kwamba likizo inayofuata ni ya Malava hata mbingu zianguke. Mayi alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa. Ile sawa ya wazazi ambayo si sawa. Baada ya hapo simu ikawa inaita tu bila kupokewa, na habari za nyumbani zikawa zinapitia kwa shangazi.

Basi akaenda. Mama yake Hien alikuwa na kibanda mbele ya nyumba yake, meza nne za plastiki na viti vifupi ambavyo Metrine, mwanamke mwenye mwili wake, alivitazama kwa wasiwasi. Alimwita Kukhu, kama wanavyoitwa bibi kwao Malava. Bibi yule alidhani hilo ni neno la heshima la Kiafrika, na hakukosea, akaanza kuliitikia. Lugha nyingine hawakuwa nayo ila mikono na ile apu ya simu ya kutafsiri, ambayo ilisema mambo ya ajabu kiasi kwamba siku ya pili waliizima.

Siku ya kwanza tu walikosana. Kukhu alichemsha mifupa, povu likapanda, harufu nzuri ikatoka, kisha akachukua sufuria nzima na kuyamwaga yale maji mtaroni. Metrine alipiga yowe. Kwao maji yale ndiyo supu yenyewe, ndiyo wanayopewa waliojifungua na wanaotoka kuugua. Kukhu alimtazama kama unavyomtazama mtu mzima anayelilia maji machafu. Akaiosha mifupa mmoja mmoja kwa brashi, akaanza upya na maji mapya. Kisha akachukua tangawizi na vitunguu, akavilaza juu ya makaa mpaka vikawa vyeusi tii. Metrine alidhani vimeungua, akaviopoa kwa haraka, akapigwa kibao cha mkono. Vinatakiwa viungue. Ukivipangusa ule weusi, ndani vimekuwa vitamu.

Wiki tatu alizokaa pale, kazi yake kubwa ilikuwa kuengua povu. Alfajiri mpaka saa nne, kijiko mkononi, sufuria isichemke kwa fujo bali itetemeke tu, mdalasini na iliki nyeusi na vile viungo vyenye umbo la nyota vikiwa ndani ya kitambaa. Mtu akiwa na haraka supu inakuwa na ukungu. Akitulia inakuwa safi, unaona mpaka chini ya bakuli. Metrine aliandika kila kitu kwenye daftari la shule, kwa Kiswahili, na pale ambapo hakuwa na neno alichora.

Jambo moja hakulichora, alilikariri kwa ngozi. Kulikuwa na mteja aliyekuja kila siku kwa pikipiki. Metrine, akimwona anaegesha, alikimbia kumpakulia ili aketi akute bakuli mezani. Kukhu akamzuia. Akazirudisha tambi zile sufuriani, akamwelekeza kwa kidole: kwanza aketi. Akishaketi, tambi zichovywe maji moto. Nyama mbichi ipangwe juu. Ndipo supu inayotetemeka imwagwe, nyama igeuke rangi hapo hapo mbele yake, na bakuli lifike mezani likifuka mvuke. Ndimu, pilipili na siki ya kitunguu saumu ni zake mwenyewe, atie apendavyo. Mara ya pili Metrine alipokimbia, alipigwa kibao kingine. Mara ya tatu hakukimbia, lakini roho ilimuuma, maana mtu mzima alikaa mbele ya meza tupu kama aliyekosewa.

Alirudi Dubai na daftari, kilo mbili za viungo na Kivietnam cha maneno manne. Kama ulidhani hapo mambo yalinyooka, hujui Jumeirah Village Circle. Siku ya kwanza alipochoma tangawizi kwenye moto wa gesi, king'ora cha moshi kililia, jengo zima likashuka ngazi, na wapangaji wenye mbwa na watoto wakasimama nje wakimtazama kama mchawi. Meneja wa jengo akapiga marufuku kuchoma chochote. Ikabidi awe anavichomea tangawizi na vitunguu kwenye jiko lake dogo la makaa huko Al Muraqqabat, kwenye ukumbi mdogo wa nyuma wa nyumba anayoishi na wanawake wengine saba, halafu apande navyo metro ndani ya mfuko, abiria wakinusa na kusogea. Mchinjaji wa Deira alimuuzia mifupa iliyogandishwa na kukatwa kwa msumeno, yenye vumbi la mfupa ambalo haliishi kuoshwa. Sufuria ya kwanza ilikuwa na ukungu. Ya pili ilikuwa chungu. Ya tatu alisahau kuyamwaga maji ya kwanza, mkono ulikataa tu. Ya saba, Proscovia aliinama juu ya sufuria, akaona kijiko kilichozama chini kabisa, akapiga makofi.

Proscovia alikuwa Mganda, mwosha vyombo, na ndiye mtu pekee mle jikoni aliyekuwa upande wake. "Nyabo," alisema, yaani mama kwa Kiganda, "hii hata Hien angeikubali." Metrine alionja mwenyewe. Ilikuwa ile ya Nam Dinh. Hakuna alichoongeza wala kupunguza.

Siku ya kuonja ikafika. Bwana Thamer alisema saa tisa alasiri, saa ambayo wateja wa mchana wamekwisha na wa jioni hawajaja. Metrine alikuwa jikoni tangu alfajiri. Supu ilitetemeka. Nyama imekatwa nyembamba, unaona mwanga upande wa pili. Tambi zimelowekwa. Giligilani na vitunguu vya majani vimekatwa. Bakuli limepashwa moto. Hakukuwa na kilichobaki isipokuwa kumngoja mtu aketi.

Saa tisa kasoro dakika tano dereva akapiga simu: arbab ameingia kwenye maegesho ya chini.

Hapa ndipo ninapotaka kumshika Metrine mabega nimtikise. Lakini hebu mfikirie alivyolelewa. Mayi wake ni mwanamke ambaye mgeni hajawahi kuketi kwake mbele ya meza tupu. Mkwe akionekana njia panda, ugali tayari umeshafunikwa. Mgeni kuambiwa "ngoja kidogo" ni aibu inayosimuliwa mpaka mazishini. Mgeni kuomba chumvi ni tusi kwa mpishi. Na huyu si mgeni tu, ni arbab, mtu anayeshika kadi. Metrine aliona picha ya Bwana Thamer akiketi, akitazama meza tupu, akiangalia saa. Daftari, Kukhu, vibao vya mkono, vyote vikafutika.

Aliingia stoo akatoka na hotpoti yake, ile kubwa ya maua mekundu ambayo wanawake wa kwao hubebea chakula kazini kisipoe. Akatia tambi. Akapanga nyama. Akamwaga supu. Akatia giligilani. Halafu, kwa kuwa mgeni hatakiwi kujihangaisha, akakamua ndimu mbili mwenyewe, akatia siki na pilipili, akafunika na kubana kifuniko mpaka kikalia.

"Metrine," Proscovia alisema taratibu, "si ulisema lazima kwanza aketi?"

"Ameshafika. Yuko chini."

"Ngoja aingie basi."

"Nitamngojesha mimi? Arbab? Wewe Proscovia una wazimu."

Bwana Thamer alikuwa chini kweli. Alikuwa ndani ya gari, anaongea na simu. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu dereva akasema bado anaongea. Proscovia alisema twaa bakuli jingine, anza upya, nyama ipo. Metrine alisema hapana, anaweza kuingia sasa hivi na kumkuta anahangaika. Akafungua kifuniko kidogo kuhakikisha joto lipo, mvuke ukatoka, akaridhika, akakibana tena. Joto lilikuwepo, hilo sikatai. Hotpoti ilifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa.

Arbab aliingia saa kumi na dakika kumi. Aliketi, na kabla kiti hakijatulia hotpoti ilikuwa mbele yake, Metrine ameshika kifuniko kwa mikono miwili. Akafungua.

Tambi zilikuwa zimekunywa supu yote. Zilikuwa zimevimba, zimeshikana, unene wa kidole. Nyama ilikuwa ya kijivu kama kitambaa cha deki. Giligilani imekuwa nyeusi. Bwana Thamer alichukua kijiko, akachota pembeni, akaonja mara moja, uso ukamkunjamana kwa uchungu wa ndimu iliyopikwa saa nzima. Akaweka kijiko chini kwa upole, na upole ule ulimuumiza Metrine kuliko kama angekirusha.

"Huu ni uji," alisema. "Ulikwenda Vietnam kujifunza uji?"

"Sir, supu ipo nyingine jikoni, nipe dakika tatu tu."

"Nina mtu ananingoja Deira." Alishainuka. "Khalas, Metrine. Si kosa lako. Si kila mtu anaweza chakula cha watu wengine."

Alipotoka, Metrine alisimama pale pale ameshika kifuniko. Alikasirika. Alimkasirikia Thamer kwa ile simu, akamkasirikia dereva kwa kusema "amefika", akalikasirikia jengo na king'ora chake. Jikoni, sufuria yenyewe iliendelea kutetemeka, safi, unaona mpaka chini.

Jioni kule Al Muraqqabat wanawake wenzake walimzunguka kitandani kama waliofiwa. Caren wa Kericho, anayefanya kazi hotelini na hana simile, alipiga paja. "Ni ubaguzi tu, hakuna kitu ingine. Alitaka sura ya Kichina pale mbele. Wewe hata ungepika aje, angekataa." Wote wakaafiki. Mmoja akaleta chai.

Neno lile lilikuwa tamu. Metrine angeweza kulilalia, likamfariji mpaka asubuhi na mpaka mwakani, na nani angembishia? Watu wangapi wamenyimwa kazi huku kwa rangi tu? Lakini ulimi wake ulikuwa umeonja ile sufuria ya saba, na ulikuwa umeonja kilichomo kwenye hotpoti baada ya arbab kuondoka.

"Si ubaguzi," alisema. "Alileta mdomo, akaonja. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Caren aliguna akasema basi, kama mtu anataka kujilaumu na ajilaumu. Wakatawanyika.

Kesho yake Metrine alifanya jambo ambalo mwenyewe alilihofu kuliko safari. Alimngoja Bwana Thamer mlangoni mwa ofisi yake, akamwambia, bila kuzunguka, kwamba supu ile haina kosa, kosa ni lake: aliipakua kabla hajaketi, kinyume na alivyofundishwa, kwa sababu kwao ni aibu kumngojesha mtu mkubwa. Aliomba bakuli moja tu, safari hii arbab aketi kwanza.

Bwana Thamer alimsikiliza hadi mwisho. Akacheka kidogo, bila ubaya. "Mimi ningengoja," alisema. "Kwenye mikahawa mingine huketi hata nusu saa. Ungesema tu." Halafu akafungua kabati na kumwonyesha makopo, mekundu, kilo tano tano. Unga wa pho. Umeletwa asubuhi ile, tayari umeshalipiwa. "Maji moto na vijiko viwili. Wateja hawatajua. Utakoroga wewe, nakuamini."

"Na kadi, sir?"

"Kukoroga si kupika, Metrine. Kadi ya nini? Yalla, kazini."

Akaenda kazini, akakoroga. Wateja walikunywa, hakuna aliyelalamika, na hilo lilimkera kuliko yote. Mmoja alisema ni nzuri kama ile ya zamani. Proscovia alisonya kwa niaba yake, akagonga sufuria tupu kwenye sinki mpaka ikabonyea.

Ijumaa ile simu ikaita. Alikuwa Mayi, mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu wagombane.

"Shangazi yako ameniambia siku ya mkubwa wako imepita," alisema. Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyechoka kununa. "Nimekuwa nikiomba. Ikaendaje?"

"Haikuenda vizuri, Mayi. Kazi sikupata."

"Alikuja kwa wakati?"

"Alichelewa. Saa nzima na zaidi."

"Na alipokuja, ulimwambia angoje?"

"Hapana."

"Alikuta chakula?"

"Alikuta, Mayi. Niliweka kwa hotpoti."

"Ikiwa moto?"

Metrine alifumba macho. Nje, mtu alikuwa akibisha mlango wa bafu, akimhimiza mwenzake atoke. "Moto kabisa," alisema.

Mayi akavuta pumzi ndefu ya raha, kama aliyetuliwa mzigo. "Basi mwanangu usilie. Kama alikataa chakula moto, hiyo ni roho yake. Mimi nilikuwa nikilala nikiogopa, nasema mtoto amekaa kwa Waarabu miaka sita, amezunguka mpaka Vietnam, sasa amesahau kwao. Kumbe hujasahau. Unasikia, Metrine? Nilikulea vizuri."

Metrine alitaka kumkasirikia mtu. Arbab alishasema angengoja, dereva hakusema uongo, na Kukhu alimkanya mara mbili, hata kwa kibao. Aliyebaki alikuwa huyu wa kwenye simu, aliyekuwa akifurahi kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

"Ndiyo, Mayi," alisema. "Ulinilea vizuri."